Jaribio lako linapita kwa urahisi mno

Arua

Mwanangu Babirye,

Msimbo wako wa kupanga matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, nimeupata na nimeusoma wote. Upangaji wenyewe si mbaya. Kinachonisumbua ni jaribio uliloliandika chini yake, ule msimbo wa kukagua kama upangaji umefanya kazi. Linaipitia orodha likiuliza swali moja tu: je, kila namba ni ndogo kuliko inayoifuata, au sawa nayo? Basi hebu futa kila kilichomo ndani ya funksheni yako, uiambie irudishe orodha tupu, kisha endesha jaribio. Litapita. Orodha tupu haina wawili wa kulinganishwa.

Usidhani huo ni mzaha. Chukua upangaji wa kuchomeka: unaiweka namba kando, unazisogeza kulia zote zinazoizidi, halafu unaichomeka kwenye nafasi iliyoachwa. Sahau ule mstari wa mwisho wa kuchomeka, kisha uipe funksheni 3, 1, 2. Inaiweka 1 kando, 3 inasogea: 3, 3, 2. Inaiweka 2 kando, 3 zote mbili zinasogea: 3, 3, 3. Orodha imenyooka kama uzi, na watoto wawili wamepotea. Jaribio lako lingeipigia makofi.

Kwa hiyo swali la pili ni hili: vilivyotoka ni vilevile vilivyoingia, kwa idadi ileile? Hesabu kila thamani imetokea mara ngapi kabla na baada, ulinganishe hesabu hizo mbili. Usitegemee jumla, maana 1 na 3 zina jumla sawa na 2 na 2. Na nakala ya orodha ichukue kabla hujapanga, nakala ya kweli. Ukiandika tu `zamani = orodha`, yote mawili ni majina ya kitu kimoja; upangaji ukikibadilisha, utakuwa unalinganisha kitu na chenyewe.

Data za kujaribia hazina ugumu: orodha tupu, yenye kitu kimoja, yenye viwili, zote sawa, iliyokwisha kupangwa, iliyogeuzwa. Hizo ziandike kwa mkono. Lakini badala ya kukisia mfano upi utaleta balaa, jaribu yote iliyo midogo. Namba 8 tofauti zina mipangilio 40,320, na kompyuta yako inaimaliza upesi. Ila namba hizo hazijirudii, na makosa mengi hujificha palipo na sare. Basi ongeza orodha zote za urefu wa 0 hadi 6 zinazotumia thamani nne tu. Ni 5,461 kwa jumla.

Sasa sare zenyewe. Aggregate ya PLE, yaani jumla ya madaraja ya mtoto katika masomo manne, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora, inaanzia 4 hadi 36: thamani 33. Darasa likiwa na watoto 34, wawili lazima wafungane, na shule nyingi zina wengi zaidi ya hao. Rejista inakuja ikiwa imepangwa kwa majina: Akello 9, Kato 7, Nakato 9, Okello 7. Ukiipanga kwa aggregate, mwalimu anatarajia Kato 7, Okello 7, Akello 9, Nakato 9. Nakato akimtangulia Akello, namba bado ziko sawa, hakuna mtoto aliyepotea, na maswali yote mawili yamejibiwa ndiyo. Lililovunjika ni uthabiti: walio sawa hawakubaki katika mpangilio waliokuja nao.

Huwezi kuujaribu uthabiti kwa namba tupu, kwa sababu 9 na 9 hazitofautiani. Mpe kila mtoto alama ya nafasi aliyokuja nayo, 0, 1, 2 na kuendelea, na umwachie mpangaji aone aggregate peke yake. Baadaye pita orodha: kila palipo na majirani wenye aggregate sawa, nafasi ya wa kwanza lazima iwe ndogo. Mtego uko kwenye lugha ya Python. Ukipanga jozi za aggregate na nafasi bila kutaja ufunguo (`key`), yaani kile cha kulinganishwa, Python inalinganisha aggregate, na zikiwa sare inaendelea hadi nafasi. Hapo hata upangaji usio thabiti utaonekana thabiti, kwa kuwa jibu umelitia wewe mwenyewe kwenye swali.

Kwako uthabiti umevunjwa na alama moja. Katika upangaji wa kuunganisha, ule unaopanga nusu mbili kisha kuziunganisha, umeandika `kushoto[i] < kulia[j]` ndipo uchukue kutoka kushoto. Zikiwa sare, sharti hilo ni la uongo, kwa hiyo anachukuliwa wa kulia, aliyekuja nyuma. Andika `<=`. Katika upangaji wa kuchomeka ni kinyume: ukisogeza kwa `>=` badala ya `>`, unamrusha mtu juu ya mwenzake aliye sawa naye. Ule wa kuchagua iliyo ndogo kisha kubadilishana nafasi hauponi kwa alama. Uwe na Akello 9, Nakato 9, Kato 7. Kato anabadilishana na Akello, na Akello anajikuta nyuma ya Nakato.

Tena, usipate mpangilio wa kushuka kwa kupanga kupanda halafu kugeuza orodha nzima. Sare nazo zinageuka. Katika Python tumia `reverse=True`, ambayo inaziacha sare kama zilivyokuja.

Orodha ndogo peke yake haitoshi, kwa sababu wapangaji wengi hubadili mbinu kulingana na ukubwa. V8, injini inayoendesha lugha ya JavaScript ndani ya kivinjari cha Chrome, zamani ilipanga orodha za hadi vitu 10 kwa kuchomeka, njia iliyo thabiti, na zilizozidi hapo kwa njia ya haraka isiyo thabiti. Jaribio la watoto 8 lisingeona kitu. Tatizo lilianza kwa mtoto wa 11. Hilo lilirekebishwa mwaka 2018, na kanuni za lugha zikaufanya uthabiti kuwa lazima mwaka 2019. Kwa hiyo tengeneza pia orodha za nasibu za watoto 600 wenye aggregate kati ya 4 na 36, mamia ya orodha kama hizo, na kila mara uchapishe mbegu ya nasibu, ile namba ya kuanzia inayokuwezesha kuzipata tena orodha zilezile. Kosa lililotokea bila mbegu yake kuandikwa huenda usilione tena.

JavaScript ina jingine linalofaa kucheka kama si matokeo ya watoto. Usipoipa kilinganishi, yaani funksheni ya kusema kati ya wawili nani atangulie, inageuza namba kuwa maandishi kabla ya kupanga. Aggregate 4, 9, 10, 36 zinatoka 10, 36, 4, 9, na mtoto bora wa wilaya anasimama chini ya mwenye 36.

Halafu kuna watoto ambao hawakufanya mtihani. Ukiwaandikia NaN, thamani yenye maana ya "si namba", kwenye safu ya aggregate, kila ulinganishaji unaomhusu huyo unajibu uongo: si mdogo, si mkubwa, si sawa. Mpangaji anachanganyikiwa, na jaribio linaweza kudanganyika pamoja naye. Orodha ya 36, NaN, 4 ikiulizwa "je, wa kwanza anamzidi wa pili?" itajibu hapana mara mbili, na wewe utaona kijani, kana kwamba jaribio limepita. Andika sharti kwa upande wa pili: jaribio lishindwe pasipokuwa kweli kwamba wa kwanza ni mdogo au sawa. Na hao watoto watenge kabla ya kupanga, uwaweke mwisho.

Ukishayapata yote haya, bado usijidai. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakithibitisha kihisabati Timsort ya Java njia ya kupanga iliyomo ndani ya lugha hiyo, walikuta kosa ndani yake. Safu waliyoitengeneza kulionyesha ilikuwa na vipengele 67,108,864. Hakuna nasibu ya watoto 600 ambayo ingelifikia.

Kazi yako wiki hii haihusu kuongeza msimbo. Uharibu kwa makusudi, kosa moja kila mara: rudisha `<`, futa mstari wa kuchomeka, acha kitanzi (loop) kiishe hatua moja mapema, rudisha orodha tupu. Kila kosa lazima liangushe jaribio fulani. Lile ambalo halikuangusha lolote niandikie, pamoja na mbegu uliyotumia, tulitazame ukija likizo.

Mamako