Kuhusu kile kigari cha viti viwili

Coventry

Kaka,

Salamu zako zimefika, na yale maneno yako makali nayo yamefika. Shemeji hajambo? Watoto je? Huku tu wazima, ila baridi imeshaanza na kazini wametuongezea shifti za usiku, ndiyo maana nimekawia. Sikutaka kukujibu kwa vimeseji vya juu juu. Swali lako linataka mtu akae kitako.

Ulitazama picha ya kigari ninachokifufua hapa gereji ukaniuliza, "Sasa hilo gari litabeba nini?" Halibebi kitu, kaka. Lina viti viwili, na buti ukishaondoa nafasi ya tairi la akiba na betri, kinachobaki ni cha kuweka begi moja la nguo. Ndiyo, betri iko nyuma kwenye buti. Waliipeleka huko makusudi, uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Gunia la mchele haliingii. Mama mkwe anaingia, lakini mkeo itabidi apande basi.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1991. Eunos lilikuwa tawi la mauzo la Mazda kule Japani. Gari hilohilo nje ya Japani linaitwa MX-5, na Wamarekani wanaliita Miata. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Hili langu lilikuja Uingereza likiwa mtumba kutoka Japani, njia ileile iliyoleta magari yote yaliyojaa uani pale gereji kwako: usukani kulia, spidi mita ya kilomita inayoishia 180, na stika za Kijapani ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Siku ya kwanza nilipofungua mlango nikaiona ile stika ya kubadilisha oili, nilicheka peke yangu. Nikajiona niko pale Gerezani, kwenye gereji za Dar.

Injini yake unaijua kuliko mimi. Ni ile familia ya B ya Mazda, ndugu wa zile za Mazda Familia ulizozifungua hadi ukazichoka: sentimita za ujazo 1597, silinda nne, vali 16, kemshafti (shafti za kufungua vali) mbili juu. Tofauti ni kwamba hapa imesimama kwa urefu wa gari, na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Kati ya giaboksi na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma, kuna boriti ya aluminiamu inayovifunga viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Ukigusa mafuta gari linaitika hapohapo, husikii ule mshtuko wa difu kuamka. Boriti hiyo ndiyo inayoshikilia mkia wa giaboksi, kwa hiyo kabla hujaifungua weka jeki chini ya giaboksi, la sivyo mkia unaning'inia juu ya uso wako.

Nakaa si mbali na Canley, mtaa wa hapa Coventry, ambako kampuni ya Triumph walikuwa wakiunda kigari chao cha Spitfire hadi 1980. Mwaka huohuo na kiwanda cha wenzao wa MG kule Abingdon kikafungwa. Hawa Waingereza ndio waliokuwa wenyewe wa vigari vyepesi vya kufungua paa, ila vilivuja oili chini na mvua juu, na mwisho wakaviacha. Mwandishi wa magari wa Kimarekani, Bob Hall, ndiye aliyewatia maneno masikioni wakubwa wa Mazda kwamba kigari cha namna hiyo bado kina watu wake. Wajapani wakaenda kuchunguza magari ya zamani, hasa Lotus Elan ya miaka ya 1960, kisha wakaunda la kwao ambalo linawaka kila asubuhi. Kuna mzee hapa jirani aliyefanya kazi Canley ujanani mwake. Huwa anakuja na kikombe chake cha chai, anasimama mlangoni mwa gereji, anatazama, hasemi neno. Nadhani bado inamuuma.

Sasa kutu, maana pesa yangu na miezi yangu imeishia huko. Wewe umezoea bati kuliwa na upepo wa bahari, taratibu, kuanzia nje. Huku wakati wa baridi malori yanapita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na tairi zinairusha hadi kila pembe ya chini ya gari. Mimi mtu wa pwani hadi leo nikiona lori linamwaga chumvi barabarani nasimama kutazama.

Lakini gari hili lina ugonjwa wake wa pekee. Paa ni turubai. Mvua ikinyesha, maji yanateremka nyuma ya turubai hadi kwenye mfereji mdogo, yanakwenda pembeni, nyuma ya viti karibu na mikanda, halafu yanashuka kwa mrija ndani ya bodi na kutokea chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mpango mzuri kabisa. Ila gari likilala chini ya mti miaka kadhaa, majani yanaziba mrija, maji yanakosa njia, yanafurika na kuingia kwenye vizingiti vya chini ya milango. Yanakaa humo. Kizingiti kinaoza kutokea ndani, huku nje rangi inang'aa na muuzaji anakuapia kwamba gari halina kutu.

Upande wa kushoto nilichokoa kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Nilipokata bati la nje kwa grenda yakamwagika matope meusi yenye vijiti na mabaki ya majani, harufu ya kinamasi ikajaa gereji nzima. Nyuma yake kuna bati la pili, la kuimarisha, nalo lilikuwa limetoboka kama chekecheke.

Hapa kuna jambo ambalo kwenye Corolla hulikuti. Gari lisilo na paa halina kitu cha juu cha kulishika lisijikunje katikati. Linategemea hivyo vizingiti viwili na ule mgongo wa kati unaopitisha shafti ya propela. Ukikata kizingiti bila maandalizi bodi inashuka, milimita chache tu, na ukishachomelea bati jipya umeifungia humo hiyo kasoro: mlango haufungi sawasawa tena mpaka gari life. Kwa hiyo nilitoa mlango, nikachukua bomba la chuma la pembe nne, nikalifunga kwa boliti kutoka kwenye matundu ya bawaba hadi pale komeo linaposhika. Nikapima uwazi wa mlango kwa futi kabla ya kukata, nikapima tena kila nilipomaliza kipande. Kuchomelea kwenyewe ni kwa nukta, moja huku, moja kule, bati lisipate moto likapinda. Ile staili yako ya kuburuta laini moja ndefu ingenipa kizingiti cha mawimbi. Usinune, unajua ni kweli.

Ndani nimepuliza nta ya kuzuia kutu, na mirija ya maji nimeizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Nikamwaga jagi la maji nyuma ya turubai, nikalala chini na tochi kutazama yakitoka. Yalitoka yote, pande zote mbili. Sijui kama utanielewa nikikwambia siku hiyo nilifurahi kuliko siku injini ilipowaka.

Injini haikunisumbua. Magari haya ya mwanzo, hadi mapema 1991, yana shida ya pua ya kranki, yaani ncha ya mbele ya shafti kuu ya injini: ni fupi, funguo inayoshika puli inalegea, puli inaanza kucheza na taimingi inapotea. Baadaye Mazda wakairefusha. Namna ya kutambua bila kufungua ni kuhesabu mianya ya puli: ikiwa minne, una wasiwasi, ikiwa minane, lala usingizi. Yangu minane. Nimebadilisha taimingi belti na pampu ya maji, sili za oili, na ule mpira wa duara wa sensa ya kemshafti nyuma ya hedi, ambao huvujisha oili kwenye magari mengi ya aina hii, na watu wasiojua wanaambiwa gasketi ya hedi imekufa. Na utapenda hili: taimingi belti ikikatika kwenye hii 1.6, pistoni hazigongi vali. Unavuta gari nyumbani, unafunga belti nyingine, basi.

Haya, tuje kwenye turbo unayotaka nifunge, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini iongeze nguvu, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Sifungi. Wapo wengi wanaofunga, na wapo wanaotoa hii 1.6 na kuweka ile 1.8 iliyokuja 1993, inakaa palepale bila kukata bodi. Sibishi nao. Lakini gari hili lilitoka kiwandani Japani na nguvu farasi 120 na uzito wa kilo 940 hivi. Kila kitu ndani yake, kuanzia giaboksi hadi unene wa bati la boneti, kilipimwa kwa uzito huo na nguvu hizo. Ukifunga turbo utataka radieta kubwa, kisha klachi ngumu, kisha difu nyingine, na kila kimoja kina kilo zake. Mwisho wake una gari jingine, zito, linalokimbia sana kwenye barabara iliyonyooka. Barabara iliyonyooka hata basi la mkoani linakimbia.

Nilichobadilisha ni vitu vya kulifanya lisimame na kukata kona. Breki za mbele nimechukua za ile 1.8: diski zake ni milimita 255, za kwangu zilikuwa 235, na zinaingia ukibadilisha na vishikio vyake. Shokapu na springi ni mpya, gari limeshuka kidogo sana, maana mashimo ya mtaani kwetu hayana tofauti na ya kwenu. Bushi zote, vile vikingio vya kwenye maungio ya miguu ya gari, nimerudishia za mpira. Vijana wa huku wanapenda zile za plastiki ngumu. Zinakaza gari kweli, lakini kila jiwe unalihesabu kwa uti wa mgongo, na mimi natoka shifti ya usiku.

Hizo bushi zilinitoa jasho. Gari lina mikono ya juu na ya chini kwenye tairi zote nne, na alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi, inarekebishwa kila kona kwa boliti ndefu zenye kichwa cha mviringo kilichokaa upande. Zinaganda ndani ya bushi kwa kutu. Kuna moja ya nyuma kulia nilijaribu mafuta, nikajaribu moto, nyundo, bomba la kurefushia spana, mwisho nikaikata kwa msumeno vipande viwili. Ingekuwa pale kwako ingekatwa nusu saa ya kwanza.

Na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Pale gereji kila gari lina mwenyewe, amesimama mlangoni, simu sikioni, hesabu ya bosi inamsubiri jioni. Tulijifunza kufunga gari lirudi barabarani kesho alfajiri, na kwa hilo sijaona fundi wa huku anayekufikia. Wengi wao bila spea ya kwenye boksi hawana la kufanya. Lakini mimi na wewe hatukuwahi hata siku moja kupata nafasi ya kufunga gari mpaka tukaridhika sisi wenyewe. Hili hakuna anayelisubiri. Boliti ikigoma naimwagia mafuta, nazima taa, naenda kulala, tunakutana tena Jumamosi. Hiyo ndiyo starehe ninayoinunua, na nakiri ni ghali.

Si kwamba hakuna serikali. Kila mwaka kuna ukaguzi wanauita MOT, na kutu ikiwa kwenye sehemu inayobeba bodi, hupiti. Kampuni ya bima nayo inataka uitajie kila ulichobadilisha. Huko kwetu ungewatajia yote wangekimbia.

Kilichobaki ni rangi na turubai jipya. Rangi narudishia nyekundu yake ya zamani. Turubai la dukani lipo, linakuja na dirisha la plastiki la zipu nyuma, lakini bei yake inakera. Kama yule fundi wetu wa viti vya daladala bado yupo, muulize kama anaweza kushona jipya nikimtumia lile la zamani alifuate. Muulize na uzi anaotumia. Hapa uzi wa pamba hauoni misimu miwili.

Ile spana ya kupimia mkazo uliyoniomba nimeinunua, na kuna mtu wa kwetu anasafiri hivi karibuni, ataibeba. Akikupigia nenda kaichukue mwenyewe, usimtume kijana. Ukimaliza kuitumia irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kabla ya kuiweka, springi yake isichoke. Na usiifungulie nati zilizoganda, tafadhali sana. Hiyo ni ya kufungia tu.

Jambo la mwisho, hili ni la kikazi. Leo usiku nakutumia sauti ya injini ikiwaka asubuhi ikiwa baridi. Kuna tapeti, kile kikombe kinachosukuma vali, inagonga, inanyamaza oili ikipanda. Ni za kujaa oili zenyewe, hazirekebishwi kwa geji. Mimi nadhani ni ya silinda ya nyuma kabisa, upande wa egzosi. Sikiliza kwa zile spika kubwa za shemeji, siyo za simu, uniambie unaisikia wapi kabla sijafungua kava.

Msalimie shemeji na wanao wote.

Ndimi nduguyo