Mlima Unaotapika Magadi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Arusha. Hujambo wewe na wanafunzi wako? Sisi wazima, ila magoti yangu bado yanauma, na kilichoyaumiza ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Uliniuliza jaribio gani la sayansi unaweza kuwafanyia watoto wa darasa la tano, maana shuleni kwenu hakuna maabara. Nilikaa na swali lako siku nyingi. Jibu nimelikuta juu ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio karibu na Ziwa Natron.

Tulianza kupanda saa sita usiku, kwa sababu jua la bondeni kule ni kali mno na mlimani hakuna hata mti wa kujibanza. Una mita 2,962, nusu tu ya Kilimanjaro, lakini umechongoka kama paa la msonge, na jivu linateleza hadi unapanda kwa mikono. Alfajiri tukafika ukingoni mwa kasoko, lile shimo la kileleni. Chini kabisa kulikuwa na vilima vidogo vilivyochongoka, mfano wa vichuguu vya mchwa, na kimoja kilikuwa kinatema. Kilikuwa na mvumo wa sufuria kubwa inayochemka nyuma ya ukuta. Kilichotoka hakikuwa chekundu, shoga. Kilikuwa cheusi, chepesi, kinatiririka kama oili chafu ya gari. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza alinyamaza, nasi tukanyamaza. Kwa lugha yao huo ni Mlima wa Mungu, na pale ukingoni nilielewa kwa nini.

Unakumbuka tulivyofundishwa volkano? Picha ilikuwa ya Hawaii, moto mwekundu unashuka mlimani, nasi tukakariri kwamba lava ndiyo hiyo. Lava ya Hawaii hupita nyuzi joto 1,100. Hii ya kwetu ni kati ya 500 na 600 hivi, ndiyo maana mchana haing'ai. Wekundu wake hafifu huonekana usiku. Na haikuumbwa kwa silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, kama zile nyingine. Imejaa kaboneti ya sodiamu. Kwa maneno ya jikoni, ni magadi! Ni jamaa wa yaleyale unayotia kwenye maharage na kisamvu. Dunia nzima hakuna volkano nyingine iliyo hai inayotoa lava ya aina hii, nayo iko Tanzania.

Mtaalamu wa miamba J. B. Dawson alieleza jambo hili katika jarida la sayansi la Nature mwaka 1962. Lava hiyo ikipoa ina madini mawili makuu. Moja linaitwa gregoriti, kwa heshima ya John Walter Gregory aliyechunguza Bonde la Ufa. La pili, tafadhali waambie watoto taratibu walisikie vizuri, linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mimi nimesoma hadi chuo na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilipolisikia nilitamani kurudi darasani nikaanze upya.

Madini hayo hayavumilii unyevu. Lava iliyotoka nyeusi hunyonya unyevu wa hewani, na baada ya saa au siku chache inakuwa ya kijivu, kisha nyeupe. Ukiwa mbali utadhani ni theluji, au mtu kamwaga unga. Mvua nayo huiyeyusha, na maji yenye magadi huteremka hadi Ziwa Natron, wanakozaliana heroe wadogo (flamingo) wa Afrika Mashariki karibu wote, maana maji yale makali huwazuia wanyama wengi wasifike kwenye viota.

Sasa jaribio lako. Nunua magadi ya sokoni, yatwange, yakoroge kwenye maji ya moto, yaache yatulie kisha uyachuje. Chemsha choya bila sukari, upate maji mekundu yaliyokolea. Yamimine kwenye glasi ya kioo, halafu watoto watie maji ya magadi kidogo kidogo. Wekundu utageuka zambarau, kisha buluu au kijani kilichofifia. Hapohapo, bila kukawia, wakamue ndimu. Mchanganyiko utatoa povu na wekundu utarudi. Wakichelewa na magadi yakawa mengi, rangi huharibika ikawa kama chai na hairudi tena, kwa hiyo mwenye ndimu akae tayari.

Povu lile ni hewa ya ukaa, na Lengai nao huitoa kwa wingi. Ili waione kazi yake, weka vijiko viwili vya magadi makavu kwenye jagi refu, mimina siki, subiri povu lipungue, kisha teremsha njiti ya kiberiti inayowaka hadi ndani. Itazimika kabla haijagusa kitu. Nilijaribu jikoni kwangu jana na mwanangu akaniomba nirudie mara sita. Ila usikubali wafunge chupa kwa kizibo, itapasuka, na magadi yasiingie machoni.

Kuna na jaribio jingine la volkano. Ukipata sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni uiburute kwenye mchanga wa mtoni baada ya mvua. Ukitokea mchanga mweusi, utanasa. Kule karibu na Olduvai kuna kilima kizima cha mchanga mweusi uliotokana na jivu la volkano, mchanga wake nao hunaswa na sumaku, na upepo unakihamisha mita kadhaa kila mwaka bila kukisambaratisha. Sijafika huko bado. Nikijaliwa likizo ya Desemba nitakwenda, na ningependa twende wote.

Nimekutumia kwa basi la kesho kutwa kifurushi cha magadi, kilo moja, pamoja na choya kavu. Ndimu mnazo kwenu. Usiwaambie watoto mapema rangi itakuwaje. Waache waandike wenyewe walichokiona, kisha nitumie majibu yao jinsi yalivyo, hata yasiyofanana.

Nisalimie mama.

Wako,
Shoga yako wa Arusha