Antivirusi ikizimwa inapiga kelele, ikifumbwa macho inakaa kimya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kwenye ukurasa wa teknolojia, ile ya namna ya kuizima antivirusi inayokuja na Windows ili kompyuta iwe nyepesi, nikaona bora niandike maana mimi ni fundi wa kompyuta na hayo mambo nakutana nayo kila siku mezani kwangu. Sisemi makala yenu imemharibia mtu, hapana, watu wamekuwa wakizima hii kitu miaka na miaka bila kusubiri gazeti. Nachosema ni kwamba mmeeleza nusu, na ile nusu mliyoiacha ndo inayouma.

Niwe mkweli kwanza, mimi siyo wale mafundi wanaosema antivirusi isiguswe kabisa. Mimi mwenyewe nazima. Kuna programu za kazi, hasa zile za zamani za kuflashi simu (kuipakia simu mfumo wake upya), Defender, ndo hiyo antivirusi ya Windows, ikiziona tu inazifuta hapo hapo wakati mimi najua zimetoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Basi naingia Windows Security, nazima ile swichi ya ulinzi wa papo kwa papo, namaliza kazi yangu dakika kumi, nawasha. Na hata nikisahau inajiwasha yenyewe baada ya muda. Watu wananilalamikia sana hapo, "fundi mbona nimeizima imerudi tena," ndugu yangu ndo ilivyotengenezwa, walijua tutasahau. Na muda wote ikiwa imezimwa inaweka alama nyekundu na kukukumbusha kila ukigeuka, yaani yeyote atakayekaa mbele ya hiyo kompyuta anajua mlango uko wazi. Hapo mimi sina ugomvi. Angalizo moja tu, vitu ulivyopakua kwenye hizo dakika kumi havijakaguliwa, vinasubiri mpaka skani ya ratiba ije ipite, kwa hiyo usitumie huo muda kuzurura intaneti.

Sasa njia yenu ya pili, ile ya kwenda kwenye rejista, ghala la mipangilio ya ndani ya Windows, na kuandika DisableAntiSpyware halafu unaipa 1. Hiyo imeshakufa. Tangu Agosti 2020 Defender ya kwenye kompyuta zetu za kawaida inaipuuza tu, unaweza kuiandika na kuresitati mpaka uchoke. Hata jina lake linakwambia ni la zamani, maana Defender ilivyotoka 2006 ilikuwa inawinda spaiwea tu, yaani programu za upelelezi, virusi haikuwa kazi yake, mpaka Windows 8 ilivyokuja 2012 ndo ikawa antivirusi kamili. (Na ndo maana wazee wa kazi wengi bado wanaichukulia kama mapambo, wameganda kwenye Defender ile ya kwanza.) Halafu tangu 2019 kuna kitu kinaitwa Tamper Protection, kazi yake ni kuzuia programu nyingine zisiende kuizima Defender kisirisiri. Wanaotengeneza virusi walikuwa wanatumia njia hizo hizo mlizoandika nyie, ndo maana zikazibwa.

Ila kilichonifanya nishike kibodi ni ile sentensi yenu ya mwisho mwisho, mliyoipitia kama haina uzito, kwamba ikishindikana kuzima basi "iambieni iruke diski yote ya C". Mhariri, hapo ndo nilisimama.

Juzi kaja dada mmoja mwanafunzi, laptopu kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kaifungua mbele yangu. Kila faili limeota mkia, tasnifu yake iliyokuwa inaishia na .docx sasa baada ya hiyo .docx kuna nukta nyingine na herufi nne zisizoeleweka, picha hivyo hivyo, hadi nyimbo, na kila folda ukiingia kuna kafaili kanaitwa _readme.txt kanakueleza ulipe ndo upewe ufunguo. Mafaili yamefungwa yote. Yeye lakini kinachomchanganya ni kitu kingine kabisa, ananionyesha pale chini kwenye kona, "fundi angalia, ngao ina tiki ya kijani, antivirusi ilikuwa inafanya kazi muda wote, imekuwaje?"

Kweli ilikuwa ya kijani. Nikaingia sehemu ya ulinzi wa virusi, mipangilio, nikashuka hadi chini kabisa penye neno Exclusions, yaani orodha ya vitu vya kurukwa, nikafungua. Kuna mstari mmoja tu. C:\

Basi. Herufi, nukta mbili, mkwaju. Maana yake Defender imeambiwa kila kilichomo kwenye diski ya C usikiguse, na Windows yenyewe iko humo, Downloads iko humo, Desktop iko humo, kila kitu cha huyu dada kiko humo. Mlinzi yuko getini na sare yake kapiga pasi, ila kafungwa kitambaa machoni. Na tofauti na kuzima, huu mstari haujifuti, unaresitati upo, unapiga apdeti upo, mwezi mzima upo, na wala hakuna alama nyekundu ya kukukumbusha. Nilimuuliza nani kauweka, akafikiri kidogo akakumbuka kuna siku alitaka programu ya kuhariri picha ya bure, ile ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni, na kwenye maelezo yake hatua ya kwanza kabisa ilisema ongeza C kwenye orodha ya kurukwa halafu ndo ufungue zipu. Akafanya. Programu yenyewe, anasema, wala haikufunguka.

Na hapa tusidanganyane, kuna sababu watu wanayaamini hayo maelezo. Ni kweli kraki nyingi Defender inazipigia kelele kwa sababu tu ni kraki, inaandika HackTool, yaani inakwambia hiki ni chombo cha kuvunjia leseni. Mtu anaona mara tatu nne, anapuuza, kompyuta haifi, basi anajifunza kwamba Defender ni mwongo. Siku inapoandika Trojan (virusi vilivyojificha ndani ya programu) au Ransom (vinavyofunga mafaili na kudai hela) hasomi tena, jicho limeshazoea, au hakuna hata cha kusoma maana alishaambiwa aifumbe macho kabla. Yule aliyeweka mzigo wake wa virusi ndani ya kraki analijua hilo vizuri kuliko sisi. Fisi anakuomba umfungulie bucha na wewe unamshikia mlango. Na siku hizi wala hasubiri umfungulie, programu ukishaibonyezea "Yes" pale inapoomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, yenyewe inaweza kujiandika kwenye hiyo orodha kwa mstari mmoja wa PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, kwa hiyo hata wewe usiyewahi kugusa mipangilio nenda kaangalie orodha yako leo.

Kuhusu uzito wa kompyuta, kwamba hiyo MsMpEng.exe, ndo Defender yenyewe ikiwa kazini, inakula mashine, sikatai, inakula hasa ikiwa inaskani. Inafungua mafaili moja moja inayasoma, na kama laptopu yako bado ina ile diski ya kuzunguka basi kila kitu kinapanga foleni nyuma yake, unaona diski iko asilimia 100 na mausi inatembea kwa kusuasua. Lakini nimeshabadilisha hizo diski nyingi nikaweka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, Defender ile ile, Windows ile ile, na mwenye laptopu anadhani nimempa mashine nyingine. Kama hela ya SSD haipo, fungua Task Scheduler, programu ya Windows ya kupangia kazi muda, ukaipangie skani yake saa ambazo wewe umelala na kompyuta iko kwenye umeme. Pia unaweza kuipunguzia pumzi, ikiwa kwenye skani ya ratiba kwa kawaida imepangiwa isizidi kama asilimia 50 ya nguvu ya CPU, ubongo wa kompyuta, kwa wastani, unafungua PowerShell kama msimamizi unaandika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20 na itaenda taratibu, itachelewa kumaliza lakini na wewe unafanya kazi zako.

Na kama unataka kuiacha kabisa Defender kwa sababu una antivirusi nyingine uliyoilipia, hiyo wala haihitaji ujanja, instoli hiyo nyingine na Defender inakaa pembeni yenyewe, ukija kuitoa inarudi kazini.

Orodha ya kurukwa nayo siyo dhambi. Mimi ninayo. Ina folda moja tu, ile ya zana zangu za kuflashi, na humo siweki kitu kingine, na wala sipakui kitu moja kwa moja kwenda humo. Mtu anayeandika programu akiweka folda ya mradi wake namuelewa kabisa, maana inatengeneza mafaili elfu kwa dakika na Defender inataka kuyanusa yote. Ila Downloads usiweke, wala Desktop, na C nzima usithubutu.

Ukitaka kujua kama folda yako fulani inaonwa au imefumbwa, tafuta lile faili la majaribio la EICAR, ni maandishi tu ya herufi na alama 68, halina virusi wala madhara yoyote, lilitengenezwa makusudi ili kila antivirusi ilipigie kelele. Lihifadhi kwenye folda unayoitilia shaka. Likikaa hapo kimya, unaliona, unalifungua, na Defender haisemi kitu huku ngao ni ya kijani, basi nenda kwenye Exclusions kafute mistari usiyoijua, halafu piga skani kamili, na ikibidi hifadhi mafaili yako nje uipige Windows upya.

Yule dada alipata sura tatu za mwanzo kwenye barua pepe alizokuwa amemtumia msimamizi wake. Ya nne anaiandika upya, ameniambia data zake zipo kwenye daftari, ila majedwali yote aanze mwanzo.

Mhariri, najua barua za wasomaji huwa mnazipunguza. Punguzeni popote, hata hayo ya SSD yatoeni, ila ile sehemu ya C msiiguse, na kama nafasi ipo naomba muirekebishe na kwenye ile makala yenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi Kompyuta