Mdogo wangu, nilikuona ukiminya mgebuka

Mdogo wangu,

Siku ya arobaini ya babu, pale Ujiji, tulikaa mkeka mmoja. Sinia lilipofika ulichukua kipande chako cha mgebuka, samaki wetu wa ziwani, ukakiviringisha kwenye gazeti, ukakiminya mpaka karatasi yote ikawa nyekundu kwa mawese. Ugali wa muhogo hukuugusa. Shangazi alipouliza, ukasema una vidonda vya tumbo. Nikanyamaza. Uongo huo niliutumia kabla yako.

Jina lako silitaji, ila naandika hadharani kwa sababu pale jimu hauko peke yako. Binti akisusa chakula ukoo mzima unaitana. Kijana wa kiume akipungua anaulizwa kama ameshapima. Wewe unanyanyua vyuma, basi hata hilo huulizwi. Unasifiwa kwamba "umekata".

Usiku ule tulilala chumba kimoja. Saa saba simu yako ilikuwa inawaka ndani ya chandarua: mtu anasukuma chapati, mwingine anakoroga mchuzi wa nazi. Ulitazama saa nzima, umevaa sweta. Sweta, Kigoma, mwezi wa tisa!

Mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilichukua vijana wanaume 36, wazima kabisa, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu waliokumbwa na njaa ya vita. Aliyeongoza utafiti ni Ancel Keys. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini mimi kilichonishtua si kilo. Watu ambao jiko halikuwahusu walianza kusoma vitabu vya mapishi, wakawa wanalamba sahani, kutwa wanawaza chakula. Na walisikia baridi wakati wa joto. Hawakuingia wakiwa hivyo. Njaa ndiyo iliyowafikisha hapo. Niliposoma nikakumbuka chandarua chako.

Mimi nilikuwa naogelea Katonga na fulana. Miaka minne. Nilisingizia jua (mtu wa Ujiji anaogopa jua!), kumbe nilikuwa naficha kifua. Nikaanza kujinyima, mpaka asubuhi moja nikadondoka Kibirizi na gunia la dagaa begani. Daktari alinieleza kwamba mwili usipolishwa unabana matumizi kila mahali, mpaka mapigo ya moyo. Nilikuwa najiita mwanaume mwenye msimamo, na ngazi za nyumbani sizimalizi bila kupumzika.

Lile kopo lako la unga wa kujenga misuli tutaligombania siku nyingine.

Jumatatu nina nafasi. Nakufuata Mwanga saa mbili asubuhi, twende hospitali ya Maweni. Nitaingia na wewe kwa daktari, au nitabaki nje kwenye benchi, utakavyo. Shangazi sijamwambia kitu. Ameshanunua kabichi mbili, anakusagia juisi kwa ajili ya vidonda vyako vya tumbo.