Dubu anajua pua yake ni nyeusi

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ninayokutana nayo karibu kila filamu ya The Informant! inapotajwa: kwamba mwongozaji wake, Steven Soderbergh, alikosea kuigeuza kuwa kichekesho habari ya ulaji mkubwa wa kampuni. Wanaosema hivyo nawaelewa. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakubwa wa Archer Daniels Midland, kampuni ya Decatur, Illinois, walikutana kwa siri na washindani wao wa Japani na Korea Kusini wakapanga bei ya lisini, kirutubisho kinachochanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku. Aliyeumia ni mfugaji. Mwaka 1996 kampuni ilikiri kosa, ikatozwa faini ya dola milioni 100.

Lakini filamu hiyo ya 2009 haikutengenezwa ili itueleze bei ya lisini. Inamhusu Mark Whitacre, mkuu wa kitengo aliyewapelekea wapelelezi wa FBI siri hiyo, akanasa mazungumzo ya wakubwa wake kwa zaidi ya miaka miwili, na wakati huohuo akawa anaiibia kampuni mamilioni ya dola. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, ndani ya mtu mmoja. Filamu ya huzuni ingelazimika kuchagua: ama imlilie shujaa, ama imlaani mwizi. Kichekesho hakikuchagua, na kwangu hiyo ndiyo heshima iliyompa mtazamaji.

Sikilizeni sauti ya mawazo yake. Matt Damon, anayemwigiza Whitacre, yuko mbele ya watu wazito, mambo mazito yanasemwa, naye kichwani anawaza tai za shingoni, au neno la Kijerumani linalompendeza. Mara ya kwanza nilicheka tu. Nilipoitazama tena nikaona kwamba mawazo hayo huingia palepale ambapo mtu mwingine angejiuliza, "Na mimi je?" Tunakaa kichwani mwake muda mrefu, tukiamini kwamba tunamjua, na fedha alizochota hatuzisikii. Amewaficha wapelelezi, ametuficha sisi, na nadhani kwa sehemu kubwa ya siku alikuwa amejificha mwenyewe.

Mahali pamoja anamuwaza dubu wa barafuni, ambaye husemekana huziba pua yake kwa mkono anapomvizia sili, maana ni nyeusi na ingeonekana kwenye weupe wa theluji. Kisha anashangaa: dubu amejuaje kuwa pua yake ni nyeusi? Sisi tumezoea kusema nyani haoni kundule, kana kwamba kujidanganya ni upofu. Dubu yule haoni vibaya. Anajua, ndiyo maana anaziba. Na Whitacre alichozibia ni ukweli wenyewe. Kanda alizonasa zilikuwa za kweli na ushahidi wake ulisimama mahakamani. Kila siku aliyokwenda kazini na kinasa sauti ilimpa sababu ya kujiona yuko upande wa haki, hata akaamini kwamba wakubwa wakishakamatwa yeye ndiye atakayekabidhiwa kampuni!

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wale wanaohitimisha kwamba, kwa kuwa mtoa taarifa alikuwa mwizi, taarifa zake zilikuwa takataka. Hapana. Wizi wake haukumrudishia mfugaji hata senti moja aliyotozwa kwa bei ya kupangwa. Tena Whitacre alihukumiwa kifungo kirefu kuliko wakubwa aliowafichua, akatoka mwaka 2006. Kwamba alistahili adhabu sibishi, lakini uwiano ule unaniudhi hadi leo.

Soderbergh hakutuandalia mahali pa kusimama na kumhukumu kwa raha. Hata mtu huyu anapokiri, anakiri nusu. Kila akiulizwa upya, kiasi cha fedha kinapanda. Ninawaomba wanaoikataa filamu hii waitazame mara moja zaidi, wafuatilie ile sauti ya kichwani tangu mwanzo hadi siri yake inapofichuka, na wahesabu ni mara ngapi inazitaja fedha hizo.

Msomaji wenu