Harambee ya vipimo vya uvimbe wa fuvu: picha kwanza, kisu baadaye

Bwana Yesu asifiwe, wana usharika na majirani wote wa Dodoma.

Kamati ya afya inaomba shilingi 4,500,000 kwa ajili ya wagonjwa wetu watatu walioota uvimbe mgumu kichwani. Majina hatuyatangazi. Sehemu kubwa itakwenda kwenye vipimo, na tunajua wapo watakaouliza mbona si upasuaji.

Uvimbe wa mifupa ya fuvu usio saratani hufanana ukiupapasa, lakini tiba hazifanani. Osteoma, yaani kinundu cha mfupa mgumu, isiposumbua huachwa. Hemanjioma, yaani mishipa ya damu iliyosongamana ndani ya mfupa, hutolewa nzima pamoja na ukingo wa mfupa salama; ukiichokonoa, damu humwagika. Katika faibrasi displasia mfupa hugeuka nyuzinyuzi. Chanzo ni hitilafu ya jeni ya GNAS inayotokea baada ya mimba kutungwa: hairithiwi, haiambukizi, wala hakuna aliyeroga. Mara nyingi kasi yake hupungua baada ya balehe, kwa hiyo mtoto akichongwa mapema mfupa unaweza kuota tena. Uoni ukianza kufifia, hapo upasuaji hausubiri. Tiba ya mionzi haifai, maana inaweza kuugeuza uvimbe huu kuwa saratani.

Eksirei peke yake haitoshi. Inatakiwa CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga kichwa vipande vipande, ya vipande vya milimita 1 au chini, na MRI, yaani picha ya sumaku, ikiwa uvimbe umegusa jicho au ubongo. Vyote vipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Tutalipia na nakala ya CD, kwani picha za filamu pekee humfanya daktari wa rufaa aagize kipimo upya. Kinyama cha uvimbe kikichukuliwa kwa kupimwa kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Kikikaa kwenye maji huharibika, na mgonjwa hukatwa tena. Mfupa hulainishwa kwanza maabara, ndiyo maana majibu huchelewa.

Mnada ni Jumapili baada ya ibada ya pili: karanga, mtama, zabibu, kuku, leta ulicho nacho. Ahadi ziandikwe kwa mhazini, risiti zipo. Malipo tutayafanya wenyewe dirishani hospitali. Kitakachobaki ni nauli ya SGR kwa atakayepewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, na msindikizaji wake.

Wazee wetu, tusichanje wala kuchoma dawa juu ya uvimbe. Kidonda kikioza upasuaji huahirishwa. Na mwenye uvimbe anayeona vitu viwiliviwili asisubiri mnada, aende hospitali leo.