Usimpe hela fundi wa boksi

Njombe,
14 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikomesha. Usiku nalala nimejikunja kama kamba aliyechemshwa, soksi miguuni, kilemba kichwani. Ningejua, nisingekubali uhamisho huu mpaka Septemba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kumbe lile friji bovu unalolijaza barafu na kuuzia samaki limekutia aibu, na fundi wa kuchomelea kakutengenezea boksi la bati linalong'aa, lina pahala pa kufuli. Tena kilichokumaliza kabisa ni pale alipolijaza barafu akakushikisha ubavuni: "Gusa mama, baridi mpaka nje!"

Mwanaidi, usimpe hela. Hiyo baridi ya nje anayojisifia ndiyo ubovu wenyewe.

Baridi haitembei, shoga. Kinachotembea ni joto, nalo hutoka penye joto jingi kwenda penye joto dogo. Kulirudisha kinyumenyume ni kazi ya mashine ya friji, na ndiyo inayokula umeme. Lako mashine ilishakufa siku nyingi. Ulipogusa lile bati, kiganja chako ndicho kilichonyang'anywa joto, likapita kwenye bati moja kwa moja hadi kwenye barafu. Sasa kama bati limekunyang'anya wewe kwa kugusa mara moja tu, hewa yote ya hapo sokoni italipelekea joto kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Na lile jasho lililokuwa likichuruzika nje halikuvuja kutoka ndani. Ni mvuke wa hewani uliogeuka maji baada ya bati kupoa. Boksi la maana ukiligusa nje hujui kama ndani mna barafu au mna nguo.

Huku nimepata kulithibitisha kwa mwili wangu. Kitanda changu ni cha chuma, na pembeni kuna meza ya mbao. Asubuhi nikishika chuma naruka. Nikishika meza, wala. Nikaazima kipimajoto cha maabara, nikakifunga kwenye chuma kwa kitambaa, nikangoja, halafu nikakihamishia kwenye meza. Nyuzi 13 huku, nyuzi 13 kule! Vimelala chumba kimoja, vitatofautianaje? Tofauti ni kwamba chuma kinakunywa joto la mkono upesi, mbao zinalionja tu. Ngozi yetu haipimi joto la kitu. Inapima jinsi joto lake yenyewe linavyoondoka.

Turudi kwenye friji lako. Nje bati, ndani plastiki, na katikati kuna sponji ngumu ya manjano. Hiyo sponji ndiyo mali. Karibu yote ni vitundu vyenye gesi iliyofungiwa, isiyoweza kuzunguka. Hewa tuli ni mvivu sana wa kupitisha joto. Ikipata nafasi ya kuzunguka tu, inalibeba. Basi blanketi, sufi, makuti, maranda, vyote siri yao ni hiyo hiyo: vinaishika hewa isitembee. Mwaka 1833 Mmarekani mmoja, Frederic Tudor, alisafirisha kiasi cha tani 180 za barafu kwa jahazi la matanga kutoka Boston hadi Calcutta, India, miezi minne, wakavuka ikweta mara mbili, na zilifika kama tani 100. Hawakuwa na mashine yoyote. Walikuwa na mbao, magome ya miti yaliyosagwa, na akili.

Ndiyo maana ile siku ya harusi ya mdogo wako, umeme ulipokatika, nilikwenda kuifunika barafu kwa blanketi langu. Shangazi yako akapiga kelele, "Huyu anataka kuipika!" Mkacheka wote, na wewe ukiwemo. Blanketi halina joto lake, bibi. Ukijifunika wewe, linazuia joto lako lisitoke. Ukifunika barafu, linazuia joto la nje lisiingie. Chupa ya chai ni hivyo hivyo. Mskochi James Dewar, aliyeitengeneza mwaka 1892, hakuwa akifikiria chai hata kidogo. Alikuwa akitunza vimiminika vya baridi kali mno. Chupa haichagui.

Kitu kingine: barafu ni stahimilivu kuliko unavyodhani. Kilo moja ikiyeyuka yote inameza joto linalotosha kuchukua kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka karibu nyuzi 80. Kwa hiyo ukiona inakwisha kabla ya adhuhuri, usiilaumu barafu. Tafuta joto linapitia wapi.

Anza na mpira wa mlango. Weka noti, funga, ivute. Ikitoka kilaini, pana upenyo hapo. Friji endelea kulilaza chali kama ulivyolilaza. Hewa iliyopoa ni nzito, inatulia chini, wakati friji lililosimama ukilifungua tu inamwagika miguuni. Kile kipande cha godoro unachoziba juu ya samaki kivishe nailoni, maana kikilowa hakina kazi: maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tuli. Na yule kijana anayefungua kila dakika kuwaonyesha wateja changu wa juu, mwambie atoe wawili watatu aweke kwenye sinia.

Kuhusu aibu, nunua kopo la rangi nyeupe ulipake friji zima, maana sasa hivi limekuwa jeusi la kutu na linakunywa jua bure. Likiwa jeupe litalirudisha jua kwa sehemu kubwa, na litapendeza. Na kufuli, hata hilo friji bovu linafungika. Yule fundi mpe kazi ya kuchomelea komeo tu.

Mama msalimie. Ukipata mtu anayekuja huku, nifungie vibua, uvizungushie magazeti mengi.

Wako,
Zuhura